Tai Aliyefukuzwa Kofiani

Mwaka 1791 Frederica, binti wa mfalme wa Prussia, alifika Uingereza baada ya kuolewa na Duke wa York, na wapanda farasi wa kikosi kilichokuja kuitwa 14th Hussars wakapewa kazi ya kumsindikiza hadi London. Miaka 7 baadaye kikosi kikapewa heshima ya kuitwa kwa cheo chake na kubeba tai wa Prussia. Ndege huyo alidumu zaidi ya karne moja bila kumkera mtu, hadi Waingereza na Wajerumani walipoanza kuuana mahandakini. Mwaka 1915 akaondolewa, kofia zikapewa nembo ya kifalme ya Uingereza. Alirudi mwaka 1931.

Basi muuzaji akinadi beji yenye tai na kuapa kuwa ilitolewa kwa kuruta wa mwaka 1917, tarehe zenyewe zinamsuta. Askari mkongwe huenda alibaki na ya zamani mfukoni. Kuruta mpya hakupewa ya adui. Masaibu hayohayo yaliwapata 1st King's Dragoon Guards, waliovaa tai wa Austria mwenye vichwa viwili kwa sababu Kaizari Franz Joseph alifanywa mkuu wao wa heshima mwaka 1896.

Taji nalo lina tarehe yake. Kuanzia mwaka 1901 hadi 1952, wakati wa wafalme, beji za Uingereza zilikuwa na taji ambalo matao yake yanapanda na kukutana juu kwa mviringo. Malkia Elizabeth aliporithi kiti, likaja taji lenye matao yaliyobonyea katikati. Beji "ya Vita vya Pili" yenye bonde hilo ilitengenezwa vita vikiwa vimekwisha zamani. Hapo hahitajiki bingwa, ni macho tu.

Kazi ngumu huanza beji inapogeuzwa. Za askari wa kawaida ziligongwa kwa kalibu za chuma juu ya bati la shaba au metali nyeupe, kwa hiyo mgongo wake una mashimo yanayofuata sura ya mbele: palipovimba mbele, nyuma pamebonyea. Feki ya kusubu humiminwa kwenye kalibu iliyochukuliwa kutoka beji halisi. Metali ikipoa husinyaa, ndiyo maana nakala huwa ndogo kidogo kuliko mama yake, na mgongo wake una chembechembe na vitobo vya hewa. Ulimi wa kuchomeka kwenye kofia nao huchunguzwa: ulilehemiwaje, na je, lehemu yake inang'aa kama ya jana?

Beji mojawapo inayowavutia matapeli ni ya 17th Lancers. Ina fuvu na mifupa miwili, na utepe wenye maneno "OR GLORY". Fuvu ndilo linalosimama badala ya neno kifo. Kikosi kiliundwa mwaka 1759 na John Hale, aliyeileta London habari ya ushindi wa Quebec na kifo cha Jenerali Wolfe, na kwa mapokeo ya kikosi fuvu ni kumbukumbu ya Wolfe. Askari hao walikuwamo katika shambulio la Balaclava mwaka 1854, na katika vita vya Ulundi dhidi ya Wazulu mwaka 1879. Mwaka 1922 waliunganishwa na 21st Lancers, fuvu likabaki, na mwaka 1943 lilikuwa Tunisia juu ya vifaru. Beji iliyosuguliwa miaka mingi na askari huwa laini kwenye paji la uso na meno, huku vumbi jeupe la dawa ya kung'arishia likiwa limeganda mifuoni. Feki iliyochovywa tindikali huwa nyeusi kotekote, lakini meno bado makali.

Ubaya wa umbo si ushahidi wa ughushi. Mwaka 1916 beji nyingi za metali mbili zilitolewa kwa shaba tupu ili kubana matumizi, na katika Vita vya Pili baadhi ya vikosi vikapewa za plastiki, nyingine zikitoka kwa A. Stanley & Sons wa Walsall. Askari waliokuwa India na Misri waliwaendea mafundi wa sokoni, wakasubiwa beji nene, zenye herufi zilizopinda. Mkusanyaji mgeni huzitupa hizo, kumbe ni za vitani kweli. Kinyume chake, bereti ya kahawia ya 11th Hussars yenye beji inapaswa kutiliwa shaka papo hapo, maana wao waliivaa bila beji yoyote.

Sasa kuna tatizo jipya. Mwaka 2022 Mfalme Charles alichagua taji la matao ya mviringo, na beji mpya za jeshi zimeanza kulibeba tena. Kipimo cha taji kilichowaokoa wanunuzi kwa miaka 70 kimepoteza nusu ya nguvu yake, na wanaouza "mali ya babu" wamepata mwanya mwingine.