Amana ya Barua katika Pwani ya Kilwa na Lindi: Toka Tarishi hata Barua Pepe

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi watu wa pwani ya Kilwa na Lindi, na wa bara yake hata Rutamba, walivyowaamini au walivyokosa kuwaamini wachukuzi wa barua zao. Na mafunzo tuyapatayo katika habari hiyo sisi ambao barua zetu leo huchukuliwa na makampuni makubwa ya ng'ambo. Wachunguzi wa lugha tumezoea kuitazama barua kama ushahidi wa lahaja, wa hati na wa mtindo. Ni mara chache tumeuliza ilipita mikononi mwa nani, wala ilitufikiaje. Swali hili si dogo, kwa maana barua nyingi za kale tunazozisoma hatukuandikiwa sisi.

I. Maneno matatu

Yafaa kwanza kupambanua maneno matatu ambayo siku hizi huchanganywa. Siri ni jambo lililofichwa. Faragha, ambayo shina lake la Kiarabu lina maana ya kuwa tupu, ni mahali au hali isiyokuwa na mtu mwingine. Amana ni kitu alichokabidhiwa mtu akitunze kwa ajili ya mwenyewe, nalo neno hili ni ndugu wa imani na uaminifu.

Barua haiwi siri kamili, maana imeandikwa ili isomwe. Wala haimo katika faragha kamili, kwa kuwa toka hapo zamani yapita kwa watu. Asiyejua kuandika alimwendea katibu; katibu akampa tarishi; tarishi akafikisha kwa mpokeaji, naye pengine akatafuta wa kumsomea. Hivyo habari ya watu wawili iliweza kupita kwa watu watano. Kilichomlinda mwandishi kilikuwa ni amana: kila aliyeishika alijua kwamba si yake. Wahenga waliposema kuwa mjumbe hauawi walimpa mchukuzi heshima yake, na heshima hiyo ilikuwa na sharti lake, kwamba asiwe mshiriki katika yale ayachukuayo.

II. Barua za Kilwa za mwaka 1711

Maandiko ya Kiswahili ya zamani kabisa yanayojulikana ni barua zilizoandikwa Kilwa mwaka 1711 kwa herufi za Kiarabu, zikapelekwa kwa Wareno wa Msumbiji na marafiki zao. Leo zimehifadhiwa katika nyumba ya kumbukumbu za kale ya Goa, huko Bara Hindi. Wataalamu wa lugha wamezifurahia, na wana haki. Kabla ya hizo hatuna mkono wa Mswahili tuwezao kuushika.

Lakini na tuzitazame kwa jicho la aliyeziandika. Miaka kumi na mitatu tu kabla yake, mwaka 1698, Waarabu wa Oman walikuwa wamewatoa Wareno katika Ngome ya Mombasa, na nguvu za Oman zilikuwa zikienea pwani. Kumwandikia Mreno wakati ule halikuwa jambo la salamu tu. Barua kama hiyo ikiangukia mikono isiyokusudiwa yaweza kumponza mwenyewe na jamaa zake. Kwa hiyo mchukuzi ndiye aliyekuwa ngome ya mwandishi.

Barua zilifika, lakini baada ya kufika ziliwekwa. Hapa pana fundisho la kwanza: hatari ya barua haiishi inapopokelewa. Mwenye sanduku la kuhifadhia ana uwezo kuliko aliyeichukua, maana tarishi huishika siku chache, na sanduku huishika karne tatu. Sanduku lile lilikuwa la dola ya kigeni, ng'ambo ya bahari, na watu wa Kilwa hawakuwa na neno la kusema juu ya nani atalifungua.

III. Kilwa Kivinje 1895 na Lindi 1908

Fundisho la pili ni chungu zaidi. Hassan bin Omari, aliyejulikana kwa jina la Makunganya, aliwapinga Wadachi katika nchi iliyo nyuma ya Kilwa hata alipokamatwa na kunyongwa Kilwa Kivinje mwaka 1895. Barua zake zilitekwa pamoja naye, nazo zikawataja watu wa mjini waliokuwa wakiandikiana naye. Watu hao hawakushikwa na silaha mkononi. Waliponzwa na maneno waliyoyaweka katika karatasi, na karatasi zile zikakaa mahali pamoja, katika nyumba ya mtu mmoja. Mwenye kutunza barua za watu wengi pamoja huwawekea rehani watu wote hao, apende asipende.

Mwaka 1908 pakatokea Lindi ile iitwayo Barua ya Makka, iliyowaonya Waislamu na kuwataka waitengeneze dini yao. Ilinakiliwa kwa mkono, ikaenea pwani na bara, nayo serikali ya Kidachi ikaingiwa na hofu kubwa kwa kuwa Vita vya Majimaji vilikuwa vimekwisha juzi tu. Yaliyoandikwa ndani hayakuwa siri, maana barua ilisomwa mbele ya watu. Kilichotafutwa na maofisa kilikuwa ni njia yake: imetoka kwa nani, imepita wapi, imepokelewa na nani, nani ameinakili. Basi fundisho la tatu ni hili, kwamba nje ya barua husema sawasawa na ndani yake. Anwani peke yake yatosha kumfunga mtu.

Hapa nataka kusema neno kwa wenzangu wa taaluma. Mwaka 1892 C. G. Büttner alichapisha Berlin mkusanyo wa maandiko ya Kiswahili yaliyoandikwa kwa hati ya Kiarabu, na ndani yake mna barua za watu wa pwani. Kitabu kile kimetufaa sana. Walakini ukweli ni kwamba sehemu kubwa ya elimu yetu juu ya nathari ya Kiswahili ya karne ya kumi na tisa imejengwa juu ya barua za watu waliowaandikia watu wengine. Hatuwezi kuzirudisha, twaweza kukumbuka kwamba ni amana, tukawatendea walio hai kwa kadiri hiyo.

IV. Rutamba

Vita vya ukombozi wa Msumbiji vilipoanza Septemba 1964, maelfu ya watu walivuka Mto Ruvuma wakaingia Tanzania. Katikati ya miaka ya 1960 makazi ya wakimbizi yalifunguliwa Rutamba, bara ya mji wa Lindi, chini ya ushirikiano wa serikali, Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi, na chama cha TCRS kilichoundwa mwaka 1964. Watu walipewa mashamba, wakajenga.

Mkimbizi aliyetaka kupeleka habari kwa ndugu aliyebaki ng'ambo ya Ruvuma alikuwa na shida ambayo posta ya Lindi haikuweza kuiondoa. Upande wa pili posta ilikuwa ya Mreno, na polisi wake wa siri, PIDE, walizoea kufungua barua za watu. Stempu ilikuwa halali, bahasha imefungwa, tarishi wa upande huu mwaminifu. Lakini njia ina pande mbili, na uaminifu wa upande mmoja hautoshi. Njia iliyosalia ilikuwa ile ya kale, yaani mkono wa mtu anayejulikana na neno la mdomo.

Kwamba hofu hiyo haikuwa ya bure kulionekana Dar es Salaam tarehe 3 Februari 1969. Rais wa FRELIMO, Dakta Eduardo Mondlane, alifungua kifurushi chenye kitabu, na ndani ya kitabu mlikuwa na bomu lililomwua. Kifurushi kilikuwa na anwani yake na sura ya kifurushi chochote cha posta. Mtu aliyekwisha kuvuka mto akidhani amemwacha adui nyuma, aliona kuwa adui aweza kumfuata kwa njia ileile aletewayo salamu.

V. Mchukuzi wa leo

Leo mwalimu wa Rutamba aandika barua kwa simu, na kabla hajasimama barua imefika Nairobi, Muscat au London. Huitwa barua pepe, na wepesi wake wastahili sifa. Lakini tukiondoa wepesi, kilichobaki ni kilekile: mwandishi, mchukuzi, sanduku, mpokeaji. Kilichogeuka ni kwamba mchukuzi na mwenye sanduku amekuwa mmoja, na sanduku lake lina barua za mamilioni ya watu.

Google ilianzisha Gmail mwaka 2004, bila ya ada. Kwa miaka mingi mashine zake zilikuwa zikipitia maneno ya barua ili kuchagua matangazo ya kumwonyesha mwenye akaunti. Desturi hiyo kampuni ilitangaza kuiacha mwaka 2017. Sisemi kwamba kampuni imevunja amana kwa hila, maana masharti yaliandikwa. Nasema kwamba katibu asiyelipwa na mwandishi hulipwa na mtu mwingine, na haifai kusahau ni nani. Tena mwaka 2013 nyaraka alizozitoa Edward Snowden zilionyesha jinsi idara za upelelezi za Marekani zilivyopata habari kutoka kwa makampuni makubwa ya nchi hiyo. Sanduku la Goa limerudi kwa sura nyingine.

VI. Namna ya kumchagua

Wapo wachukuzi wengine wasio wa makampuni hayo makubwa. Proton ipo Uswisi. Tuta, Posteo na Mailbox.org zipo Ujerumani. Msomaji asichague kwa jina wala kwa sifa, bali kwa maswali manne, ambayo historia ya pwani yetu imekwisha kuyauliza.

La kwanza: ufunguo ni wa nani? Proton na Tuta husimba maandiko katika mashine ya mwandishi, yasifunguke ila katika mashine ya mpokeaji, maadam wote wawili watumia njia hiyo. Wazo hili si geni kwetu. Watu wa Unguja walikuwa na Kinyume, ambamo silabi ya mwisho hupelekwa mbele ya neno, barua ikawa abaru. Askofu Steere aliiandika habari yake mwaka 1870. Tofauti ni kwamba Kinyume hufumbuliwa na mtoto, na msimbo wa leo haufumbuliwi hata na mwenye sanduku. Lakini ukimwandikia mtu wa Gmail barua ya kawaida, nakala yake hukaa Gmail. Hilo ndilo jambo la Ruvuma: njia ina pande mbili.

La pili: nje ya barua husema nini? Proton haikisimbi kichwa cha habari kama ikisimbavyo kiwiliwili cha barua, hali Tuta hukisimba. Na mwaka 2021 Proton iliamriwa kwa sheria ya Uswisi kutoa anwani ya intaneti ya mwanaharakati wa Ufaransa. Barua zenyewe hazikusomeka, bali mtu alipatikana. Hiyo ni Lindi ya 1908.

La tatu: mchukuzi yu chini ya sheria gani, na aishi kwa nini? Lavabit ya Marekani ilipotakiwa na serikali kutoa funguo zake, mwenyewe aliifunga mwezi wa Agosti 2013. Mtu mwaminifu pasipo sheria ya kumlinda hana ila kuvunja sanduku lake. Posteo na Mailbox.org huishi kwa ada ya wateja. Ada ni ndogo kwa mtu wa Berlin, si ndogo kwa mwalimu wa Rutamba, na ugumu huo hauondoki kwa maneno.

La nne: naweza kuhama? Aliye na jina lake mwenyewe katika intaneti, kwa mfano lenye mwisho wa .tz, huweza kumbadili mchukuzi bila ya kubadili anwani. Asiye nalo amefungwa na jina la kampuni.

VII. Hitimisho

Katiba ya Jamhuri ya Muungano, katika Ibara ya 16, yatambua hifadhi ya mawasiliano ya mtu binafsi. Na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, yatia mipaka katika kupeleka taarifa za watu nje ya nchi. Sheria hizi zatuhusu sisi watafiti kabla ya wengine. Mzee wa Rutamba anayetueleza jinsi jamaa zake walivyovuka mto, nani alikufa na nani alimsaliti nani, hutupa sisi amana hiyo, wala haipi kampuni. Tukiituma kama kiambatisho katika sanduku la bure, tumempa katibu wa tatu ambaye mzee hakumwita.

Kwa hiyo ningependekeza kwamba vyuo vyetu viwe na anwani na masanduku yao yenye kutunzwa nchini kwa uangalifu. Kwamba kanda na maandishi ya masimulizi yasitumwe ila yamesimbwa. Na kwamba mtafiti amweleze msimulizi, kwa Kiswahili chepesi, maneno yake yatawekwa wapi na nani ana ufunguo. Lugha yetu imekwisha kutupa neno la kazi hiyo, na ni neno zuri zaidi kuliko faragha. Tumekabidhiwa, basi tutunze.