Galasa au Turufu? Kuanguka kwa Makwotabeki Hodari wa Vyuo Vikuu katika Ligi ya Kulipwa ya Marekani

Ikisiri

Kila mwaka timu za ligi ya kulipwa ya NFL huchagua vijana waliotia fora katika futiboli ya vyuo vikuu vya Marekani. Kila mara baadhi yao, hasa wa nafasi ya kwotabeki, hushindwa kufikia kiwango walichotarajiwa. Makala haya yanachunguza kushindwa huko kupitia visa vya Ryan Leaf, Tim Couch, David Carr, Alex Smith na JaMarcus Russell. Hoja kuu ni kwamba kipaji kinachoonekana chuoni ni cha kijana pamoja na mazingira yake, na kwamba utaratibu wa ligi humng'oa katika mazingira hayo na kumpeleka mahali palipo duni zaidi. Makala yanakubali kuwa tabia ya mchezaji ina uzito wake, lakini yanaonyesha kuwa peke yake haitoshi kueleza tunachokiona.

1.0 Utangulizi

Katika wiki ya tatu ya msimu wa 1998, mvua ikinyesha mjini Kansas City, Ryan Leaf wa San Diego Chargers alirusha pasi 15. Moja tu ilimfikia mwenzake, nayo ilisogeza mpira yadi 4. Mbili zilinyakuliwa na wapinzani. Tarehe 1 Januari ya mwaka huohuo, kijana huyu alikuwa ameiongoza timu ya Chuo Kikuu cha Jimbo la Washington katika mchezo wa Rose Bowl, mahali ambapo chuo hicho kilikuwa hakijafika kwa miaka 67. Mwezi Aprili alichaguliwa wa pili nchi nzima, nyuma ya Peyton Manning, baada ya wataalamu kubishana kwa wiki nyingi ni yupi kati yao astahiliye kutangulia. Manning alistaafu akiwa na mataji mawili ya ligi. Leaf aliacha mpira akiwa na pasi 14 zilizozaa bao na 36 zilizonyakuliwa.

Mashabiki wa soka wanaozungumza Kiswahili wana neno la mchezaji wa namna hii: galasa. Neno hili limetoka kwenye karata, ambako galasa ni karata isiyo na pointi. Shabiki akishasema "tumeuziwa galasa", hukumu imepita. Kosa ni la karata yenyewe, wala haulizwi aliyeichanga au aliyeicheza. Makala haya yanaipinga hukumu hiyo. Nimelichagua somo la makwotabeki kwa sababu hakuna nafasi nyingine katika michezo ya Marekani inayopimwa kwa bidii kiasi hicho kabla ya ajira, na bado vipimo vikakosea hadharani kiasi hicho.

Kwa msomaji asiyeufahamu mchezo huu, kwotabeki ndiye anayepokea mpira karibu kila shambulizi linapoanza. Mbele yake wamo wenzake watano wanaomkinga, na mbali zaidi wapo wapokeaji wanaokimbia kwa njia walizopangiwa. Ana takriban sekunde tatu za kutazama, kuamua na kurusha kabla hajaangushwa na watu wenye zaidi ya kilo 110.

2.0 Chuo hupima nini?

Kiwanja cha futiboli kina urefu wa yadi 100 na upana wa yadi 53 na kidogo, iwe chuoni au kwenye ligi. Hata hivyo, kila shambulizi huanzia ndani ya safu mbili za alama fupi zilizochorwa katikati. Chuoni safu hizo zimeachana futi 40. Kwenye ligi zimeachana futi 18 na inchi 6. Tofauti hii inabadili mchezo mzima. Chuoni, mpira ukianzia kwenye safu ya pembeni, upande mmoja wa kiwanja unakuwa mpana kama shamba na wa pili mwembamba kama kichochoro. Kocha mjanja huwapeleka wapokeaji wake shambani, beki mmoja anabaki na eneo kubwa asiloliweza, na kwotabeki anamtazama huyo mmoja tu: akisogea mbele, mpira unapita juu yake, akirudi nyuma, unatupwa mbele yake. Kwenye ligi shamba hilo halipo. Mabeki wamejipanga sawasawa pande zote, tena wana mbio zaidi na huficha nia yao mpaka dakika ya mwisho.

Namna ya kupokea maagizo nayo ilikuwa tofauti. Kwa miaka mingi vyuo vingi vilitoa amri kutoka nje ya mstari kwa ishara za mikono au mabango yenye picha, na kila mchezaji akasoma jukumu lake mwenyewe. Kwenye ligi, tangu 1994, kocha humnong'oneza kwotabeki kupitia redio iliyo ndani ya kofia. Redio hiyo hukatika saa ya kuanzia shambulizi inapobakiza sekunde 15. Kijana anapaswa kulishika sikioni agizo refu la maneno ya mafumbo, kuwatamkia wenzake kumi bila kukosea hata neno, kusogea kwenye mstari, kuusoma ulinzi, na ikibidi kulibadili agizo lote kwa sauti huku mashabiki elfu sitini wakipiga kelele. Vyuo vikubwa viliruhusiwa kutumia redio hiyo kuanzia msimu wa 2024 tu.

Kwa hiyo takwimu za chuoni ni za kweli, ila hazimhusu kijana peke yake. Mwaka 1998 Tim Couch wa Chuo Kikuu cha Kentucky alirusha zaidi ya yadi 4,000 na pasi 36 za mabao. Alicheza chini ya Hal Mumme na msaidizi wake Mike Leach, waasisi wa mfumo uitwao Air Raid, unaotumia mashambulizi machache yanayorudiwa mazoezini mpaka yanakuwa tabia ya mwili. Yadi zile zilikuwa za Couch, na zilikuwa za Mumme na Leach pia. Timu iliyomnunua Couch ilipata nusu ya kile ilichokuwa imekiona.

3.0 Mlango wanaoingilia

Uteuzi wa wachezaji wapya umewekewa kanuni moja yenye nia njema: timu iliyofanya vibaya zaidi huchagua kwanza, ili wanyonge wapate nguvu. Kwa kwotabeki nia hiyo inazaa balaa. Kijana bora anakabidhiwa timu ambayo mara nyingi ina ukuta mbovu wa kumkinga, wapokeaji wa kubahatisha, na kocha ambaye ama ameajiriwa jana ama atafukuzwa kesho.

Couch alichaguliwa wa kwanza mwaka 1999 na Cleveland Browns, timu iliyokuwa ikianza upya baada ya mji huo kukaa miaka mitatu bila timu. Katika msimu wake wa kwanza aliangushwa na mpira mkononi mara 56. Miaka mitatu baadaye David Carr wa Fresno State alichaguliwa wa kwanza na Houston Texans, timu mpya kabisa. Aliangushwa mara 76 katika msimu mmoja, rekodi ambayo haijavunjwa. Mwaka 2005 aliangushwa mara 68. Kwotabeki aliyepigwa hivyo hubadilika. Macho yake, ambayo yangepaswa kuwa mbali kwa wapokeaji, huanza kushuka na kuwatazama wanaomjia. Mguu unaotakiwa kukanyaga mbele ili mkono upate nguvu huanza kurudi nyuma. Kocha akiitazama video anaona pasi mbovu. Chanzo chake kiko kwenye mapigo ya miaka miwili iliyopita.

Ushahidi mzito zaidi ni wa wale waliobadilishiwa mazingira wakiwa walewale. Alex Smith wa Utah alichaguliwa wa kwanza mwaka 2005 na San Francisco 49ers. Msimu wake wa kwanza alirusha pasi 1 ya bao na 11 zilizonyakuliwa. Katika miaka yake minne ya kwanza, kila mwaka uliletwa kocha mpya wa mashambulizi, na kila kocha alikuja na lugha yake. Watu walishamwita galasa. Mwaka 2011 akaja Jim Harbaugh, aliyewahi kuwa kwotabeki mwenyewe, akampangia mfumo uliomfaa. Pasi 17 zikazaa bao, 5 tu zikanyakuliwa, na timu ikashinda michezo 13 kati ya 16. Mwaka 2017, akiwa Kansas City Chiefs chini ya Andy Reid, Smith aliongoza ligi nzima kwa kipimo cha ubora wa pasi. Mkono ulikuwa uleule wa mwaka 2005.

Kwenye benchi la Kansas City mwaka huo alikaa kijana Patrick Mahomes wa Texas Tech. Hapa historia inatupa ulinganisho adimu. Kocha wa Mahomes chuoni, Kliff Kingsbury, alikuwa kwotabeki wa Mike Leach, yuleyule aliyemfunza Couch kule Kentucky. Kwa ukoo wa mfumo, Couch na Mahomes ni wa nyumba moja. Couch alitupwa uwanjani katika mchezo wa kwanza kabisa wa timu isiyo na msingi. Mahomes, aliyechaguliwa wa kumi, alifika kwenye timu iliyotoka kushinda michezo 12, akakaa karibu msimu mzima akijifunza nyuma ya Smith, na mwaka 2018 akarusha pasi 50 za mabao na kutangazwa mchezaji bora wa ligi. Sidai kwamba Couch angekuwa Mahomes. Ninachodai ni kwamba hatukupewa nafasi ya kujua Couch angekuwa nani.

4.0 Hoja ya tabia

Wapinzani wa mtazamo huu wana hoja nzito, na haifai kuipuuza. Watasema: Manning naye alikwenda kwa timu dhaifu. Indianapolis Colts ilishinda michezo 3 tu kabla hajafika, na ikashinda 3 tena katika msimu wake wa kwanza, akinyakuliwa pasi 28. Mbona yeye aliinuka? Watamtaja pia JaMarcus Russell wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Louisiana (LSU), mwenye mkono uliowaduwaza waliomtazama, aliyechaguliwa wa kwanza na Oakland Raiders mwaka 2007. Aligomea mkataba mpaka msimu ukaanza, akasaini kwa zaidi ya dola milioni 60, akashinda michezo 7 na kupoteza 18, na mwaka 2010 akaachwa huku uzito wa mwili na uvivu wa kujiandaa vikiwa gumzo la kila mahali.

Tabia ni muhimu. Leaf mwenyewe amekiri hadharani kiburi na ukaidi wake wa ujanani, na baada ya uraibu na kifungo amejitolea kuzungumza na wengine kuhusu kupona. Lakini tuwatazame Manning na Leaf kwa karibu. Manning alimkuta Tom Moore, kocha wa mashambulizi aliyedumu naye zaidi ya miaka 10 kwa lugha moja, na wachezaji kama Marvin Harrison na Marshall Faulk. Kocha mkuu wa Leaf alifukuzwa baada ya michezo sita. Wahenga walisema mti hauendi ila kwa nyenzo. Bidii ya Manning haikuwa na mfano, na ilipata nyenzo. Kiburi cha Leaf kingeweza kurekebishwa na miaka miwili ya utulivu. Alichopata ni zogo la kumwongezea.

Hata uvivu wa Russell una mazingira yake. Aliondoka chuoni akiwa na mkono uliotosha kushinda bila kusoma ulinzi, na hakuna aliyekuwa na haja ya kumdai zaidi. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Kisha akalipwa fedha zote hizo kabla hajacheza, katika timu iliyomfukuza kocha wake mkuu kabla msimu wa pili haujafika katikati. Ligi yenyewe iliona kasoro hiyo: mwaka 2011 makubaliano mapya na chama cha wachezaji yalishusha sana malipo ya wanaoingia.

5.0 Je, tunaweza kubashiri?

Mwaka 2011 wachumi David Berri na Rob Simmons walichapisha utafiti uliolinganisha nafasi ya kuchaguliwa na ufanisi wa makwotabeki kwenye ligi. Waligundua kwamba waliochaguliwa mapema huchezeshwa zaidi, lakini kwa kila shambulizi hawaonyeshi ufanisi mkubwa kuliko waliochaguliwa baadaye. Vipimo vya urefu na mbio vilisogeza majina juu ya orodha bila kusogeza matokeo.

Matokeo haya yanahitaji tahadhari. Aliyechaguliwa mwishoni huingia uwanjani ikiwa tu amewashinda wengine mazoezini. Walioshindwa hawaonekani kwenye hesabu. Tunamkumbuka Tom Brady, aliyechaguliwa wa 199 mwaka 2000 akatwaa mataji saba, na kuwasahau wengi waliochaguliwa karibu naye wakarudi makwao. Hata baada ya tahadhari hiyo, somo linabaki: ligi inapima vizuri kile kinachopimika, yaani mkono, kimo na mbio, na kushindwa kupima jinsi kijana atakavyoishi na watu asiowajua bado. Isitoshe, Brady alirusha pasi 3 tu katika msimu wake wa kwanza. Hakuna aliyemhimiza kuiokoa timu akiwa na miaka 23.

6.0 Hitimisho

Ikiwa hoja ya makala haya ni sahihi, timu inayomchagua kwotabeki inapaswa kujiuliza kwanza ina nini cha kumpa: ukuta wa kumkinga, kocha atakayebaki, mfumo unaofanana na alioutoka, na muda wa kukaa benchi bila aibu. Isiyo na hivyo ijenge kwanza ukuta. Inapaswa pia kukumbuka kwamba inamshika kijana wa miaka 21 au 22, na kwamba jina baya atakalopewa akishindwa litamfuata kuliko takwimu yoyote.

Turudi kwenye karata. Kila mchezaji wa karata anajua kwamba galasa likiwa la turufu hula hata ree ya aina nyingine. Haikubadilika picha yake wala namba yake. Kilichobadilika ni kile kilichopinduliwa mezani kabla mchezo haujaanza. Alex Smith alingoja miaka sita mpaka ilipopinduliwa aina yake. David Carr aliangushwa akiingoja. Tukiwatazama wawili hao tukamwita mmoja turufu na mwingine galasa, tunakuwa tumesoma karata bila kuitazama meza.