Kuwatafuta Marehemu Wetu: Vitabu vya Parokia, Nyaraka na Makaburi



Kila unapokaribia mwezi wa Novemba, waamini hufika ofisini kuandikisha nia za Misa kwa ajili ya marehemu wao. Mwaka mmoja mama mmoja aliketi mbele yangu, akasema: "Padre, nataka kumwombea babu yangu, lakini jina lake la ubatizo silijui, wala alikozikwa hatukujui." Babu huyo aliondoka kijijini mwishoni mwa miaka ya 1950 kwenda Dar es Salaam kutafuta kazi bandarini, asirudi tena. Nyumbani ilisemwa kwamba amewatupa mke na watoto. Neno hilo lilikaa katika ukoo kama mwiba kwa zaidi ya nusu karne.

Wapo wengi wenye swali kama la mama huyu. Makala hii inaeleza njia tuliyoifuata pamoja naye, ili iwafae na wengine.

Kuanzia nyumbani

Kabla ya kwenda ofisi yoyote, waulize wazee walio hai na uandike majibu yao: majina yote ya marehemu, kijiji, kigango alikosali, kazi aliyofanya, na tukio lolote linalosaidia kukadiria mwaka. Tafuta pia vyeti vya zamani, barua na picha. Mtu anayefika na jina moja tu, bila mahali wala miaka, huwapa watunza vitabu kazi isiyo na mwisho.

Vitabu vya parokia

Mtaguso wa Trento, mwaka 1563, uliwaagiza maparoko waandike ndoa na majina ya wasimamizi wa ubatizo katika kitabu. Sheria ya Kanisa ya leo, Kanuni ya 535, inaidai kila parokia iwe na vitabu vya ubatizo, ndoa na marehemu, na vile vya kale navyo vitunzwe kwa uangalifu. Kwa Kanuni ya 877, kitabu cha ubatizo hutaja mbatizwa, mhudumu, wazazi, wasimamizi, mahali na tarehe ya ubatizo, pamoja na mahali na tarehe ya kuzaliwa. Pembeni huongezwa kipaimara, ndoa, daraja takatifu au nadhiri za daima. Kwa hiyo usisome mstari wa ubatizo peke yake. Maelezo ya pembeni mara nyingi ndiyo yanayokuonyesha parokia ya pili unayopaswa kwenda.

Vitabu vingi vya wamisionari viliandikwa kwa Kilatini. Maneno machache yanatosha kuanzia: "natus" ni aliyezaliwa, "baptizatus" aliyebatizwa, "patrinus" msimamizi, "obiit" alifariki, "sepultus" alizikwa. Kwa mwanamke, "natus" huwa "nata". Jihadhari na tarehe: "7bris" si mwezi wa saba bali ni Septemba, "8bris" ni Oktoba, "9bris" Novemba na "Xbris" Desemba. Wengi wamepoteza miezi miwili kwa kosa hilo.

Majina nayo yaliandikwa kama yalivyosikika masikioni mwa mwandishi. Mjerumani aliandika "dsch" kwa sauti ya j na "tsch" kwa sauti ya ch. Hivyo Juma huweza kuonekana kama "Dschuma". Mfaransa aliandika "ou" kwa sauti ya u. Lisome jina kwa sauti kabla ya kuamua kwamba halimo.

Kanuni ya 487 inampa mhusika haki ya kupata, yeye mwenyewe au kwa mwakilishi, nakala halisi ya hati za wazi zinazohusu hali yake binafsi. Haki hiyo haimpi kila mtu ruhusa ya kupekua vitabu. Omba miadi, mwachie paroko au katibu afungue kitabu, na usipige picha bila idhini.

Nyaraka za mjini

Nyaraka za Taifa jijini Dar es Salaam zinatunza majalada ya utawala wa Kijerumani na wa Kiingereza. Kwa Visiwani, Nyaraka za Zanzibar zipo Kilimani. Ulizia masharti ya kusoma kabla ya kusafiri, na uende na swali mahususi. Vyeti vya vifo vilivyosajiliwa serikalini huombwa RITA.

Makaburini

Makaburi ya mjini yanafundisha uvumilivu. Jiwe lililochongwa hudumu. Msalaba wa mbao huliwa na mchwa. Katika makaburi ya wamisionari kule Bagamoyo, ambako Mapadre wa Roho Mtakatifu walianzisha misheni mwaka 1868, majina bado yanasomeka. Lakini maelfu ya wapagazi Waafrika waliokufa katika Vita Kuu ya Kwanza hawakupewa jiwe lenye jina. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri hadharani kwamba haikuwaenzi wote kwa usawa. Asiye na jina kwenye jiwe anajulikana kwa Mungu, nasi tunaweza kumwombea.

Tahadhari mbili

Kwanza, kitabu huweza kufunua jambo ambalo familia ililificha, kama vile mtoto asiyeandikiwa baba. Ukilikuta, kaa kimya, sali, na umtafute paroko kabla ya kulisema kwenye kikao cha ukoo. Pili, hatuwatafuti marehemu ili kupiga ramli au kujua nani alimroga nani. Tunawatafuta ili tuwaombee, kama Yuda Makabayo alivyowatolea wafu sadaka. Kuanzia tarehe 1 hadi 8 Novemba, mwamini anayezuru makaburi na kuwaombea marehemu huweza kuwapatia roho za toharani rehema kamili, akitimiza masharti ya kawaida: kitubio, Komunyo, sala kwa nia za Baba Mtakatifu, na moyo uliojitenga na kila dhambi.

Na yule mama? Kitabu cha ubatizo cha kijijini kilitupa jina: Petro. Kitabu cha marehemu cha parokia moja ya mjini kilitupa yaliyobaki: alifariki hospitalini miezi mitatu tu baada ya kuondoka nyumbani, akiwa amepokea Sakramenti, akazikwa siku iliyofuata. Hakuwatupa wanawe. Hakupata muda wa kurudi.

Kaburi lenyewe hatukulipata. Tulisali langoni mwa makaburi, kisha mama akampigia simu shangazi yake, mtoto wa mwisho wa Petro aliye hai, akamsomea mstari ule. Misa ya Novemba ile ilisomwa kwa jina lake.

Raha ya milele uwape, ee Bwana.