Kanuni Zilizopotea Kwenye Kontena

Leo sitafundisha kusakinisha kitu hatua kwa hatua kama kawaida. Nataka tuangalie historia kidogo, kwa sababu mwaka 2019 niliaibika mbele ya mteja, na nilipotafuta chanzo cha aibu ile nikakuta kilianza kabla sijazaliwa.

Chama kimoja cha akiba na mikopo kilitaka programu ya kuamua nani apewe mkopo na wa kiasi gani. Tena walitaka kubadilisha masharti wenyewe bila kuniita. Kwa kazi hiyo kuna mifumo ya kusimamia kanuni za biashara. Kanuni huandikwa kwa mtindo wa "ikiwa hivi, basi vile": ikiwa mwanachama ameweka akiba miezi sita mfululizo na hana deni, basi anaweza kukopa mara tatu ya akiba yake. Kanuni hukaa nje ya programu, na injini huzisoma na kutoa uamuzi. Ukitaka kuona faida yake, kumbuka Septemba 2016, sheria ilipoziwekea benki zetu kikomo cha riba, asilimia 4 juu ya kiwango cha Benki Kuu, kisha Novemba 2019 kikaondolewa. Aliyekuwa ameandika hesabu ya riba ndani ya msimbo wa programu alikuwa na kazi mara mbili.

Wazo hili si geni. Miaka ya 1970 pale Stanford, Edward Shortliffe alitengeneza MYCIN, yenye kanuni kama 600 za kutambua bakteria na kupendekeza dawa. Haikuwahi kutumika kutibu wagonjwa. Iliyoingia kazini kwelikweli ni XCON, ambayo John McDermott wa Carnegie Mellon aliianza 1978 kwa ajili ya kampuni ya Digital Equipment Corporation, yaani DEC.

DEC walikuwa wakiuza tarakilishi za VAX. Zama hizo hukubeba tarakilishi dukani ndani ya katoni. Oda ilikuwa orodha ndefu ya makabati, nyaya, diski na vipande vingine, na ilikuwa rahisi kitu kusahaulika, mteja akapokea mzigo usiofungika. DEC walishajaribu kuandika programu ya kukagua oda kwa FORTRAN na BASIC, wakashindwa. Kwa kanuni, ikawezekana. Kufikia 1986 XCON ilikuwa imepitisha oda 80,000, na ilikadiriwa kuiokolea kampuni dola milioni 25 kwa mwaka.

Sasa sikiliza sehemu ambayo wauzaji wa mifumo hii hawaipendi. Kufikia 1987 XCON ilikuwa na kanuni zaidi ya 6,000, na karibu nusu yake zilikuwa zikibadilika kila mwaka, maana bidhaa nazo zilibadilika. Ukigusa kanuni moja, nyingine inaamka mahali usipotarajia. Programu iliyobuniwa ili mabadiliko yawe mepesi ikahitaji kikosi cha wataalamu cha kuilea.

Kasi ilishughulikiwa mapema. Charles Forgy, naye wa Carnegie Mellon, alieleza njia yake iitwayo Rete katika tasnifu ya 1979, kisha katika makala ya 1982. Jina hilo ni neno la Kilatini, maana yake wavu. Badala ya kulinganisha kila kanuni na kila taarifa upya kila mara, injini inakumbuka yale iliyokwisha kulinganisha, na taarifa mpya hupita kwenye wavu ikigusa tu sehemu zinazoihusu. Tambua neno "inakumbuka", tutalirudia.

Sisi wa Java tulifikiwa na haya kupitia Drools, programu huria aliyoianzisha Bob McWhirter mwaka 2001, baadaye ikaongozwa na Mark Proctor. Iliingia JBoss 2005, na mwaka uliofuata Red Hat wakainunua JBoss. Mwaka 2018 kikatoka Decision Manager 7, chenye ukurasa wa wavuti uitwao Decision Central ambapo hata asiye mwanaprogramu anaweza kuandika kanuni. Nyuma ya ukurasa huo kuna hazina ya Git, na hazina hiyo ni mafaili ya kawaida kwenye diski.

Upande wa pili, Docker ilionyeshwa 2013, Kubernetes 2014, na OpenShift 3 ikajengwa juu ya hizo mbili mwaka 2015. Kontena huzaliwa kutoka taswira iliyofungwa. Likifa, linazaliwa jingine kutoka taswira ileile, na chochote kilichoandikwa ndani ya lile la kwanza kimekwenda nalo. Hivyo ndivyo lilivyokusudiwa, si hitilafu.

Basi mimi nikachukua templeti ya majaribio. Jina lake lenyewe lilisema wazi kwamba ni ya muda, haina diski ya kudumu. Nikajiambia nitarekebisha baadaye. Mama mmoja, afisa wa mikopo, akakaa wiki nzima akiandika masharti ya chama. Mwisho wa wiki seva ikawashwa upya. Jumatatu asubuhi simu ikalia:

"Kijana, kanuni zangu ziko wapi?"

Sikuwa na jibu. Aliandika upya kutoka kwenye daftari lake, na ashukuriwe Mungu kwa daftari.

Marekebisho ya kwanza yalikuwa mepesi: diski ya kudumu kwa Decision Central, na nakala ya Git nje ya jukwaa. La pili ndilo lililonifikirisha. Kwa seva ya kazi halisi tulifuata njia ya kuzichoma kanuni ndani ya taswira yenyewe, ili kontena lolote likizaliwa lije nazo. Ni salama zaidi. Lakini ina maana kwamba mama akibadilisha sharti moja, lazima taswira ijengwe upya, ijaribiwe, isambazwe. Nilipomweleza akanitazama.

"Kwa hiyo bado nitakupigia simu."

"Ndiyo, mama."

Miezi miwili baadaye tukaondoa simu. Akihifadhi mabadiliko, ujenzi unaanza wenyewe, majaribio yanapita au yanakataa, na kanuni mpya inafika kazini baada ya dakika chache. Yeye mwenyewe ndiye aliyeomba tuongeze kizuizi: afisa wa pili aidhinishe kwanza. Alisema zamani nilipokuwa napigiwa simu, angalau kulikuwa na mtu mwingine wa kuuliza kwa nini.