Mwanao anataka kusomea maabara au eksirei: mambo ya kujua kabla hujalipa ada

Kila mwaka mwezi Januari, matokeo ya kidato cha nne yakishatoka, huwa napata wageni kliniki ambao hawakuja kupima uzito wa mtoto. Mama anakaa kwenye benchi mpaka foleni ipungue, kisha anasogea. "Nesi, mwanangu anataka kusomea maabara. Nimpeleke wapi?" Au: "Binti anasema anataka mambo ya eksirei. Si nasikia ile mionzi inaharibu kizazi?"

Mimi ni muuguzi wa afya ya jamii, na kazi yangu inanipeleka Kibaha na Kisarawe. Maswali haya nimeyajibu mara nyingi chini ya mwembe na kwenye korido za zahanati, nikaona niyaandike mahali pamoja. Kama una muda wa kusoma sehemu moja tu, soma ile ya kuhakiki chuo. Hapo ndipo wazazi wengi wanapopoteza fedha.

Wataalamu hawa wanafanya kazi gani?

Mtaalamu wa maabara umeshakutana naye, hata kama hukujua cheo chake. Ulipokuja kliniki ya wajawazito, yeye ndiye aliyepima wingi wa damu yako, kundi la damu, kaswende, virusi vya Ukimwi na mkojo. Mtoto akiwa na homa, yeye ndiye anayetazama damu kwa darubini kutafuta vimelea vya malaria. Makohozi ya mtu anayehisiwa kuwa na kifua kikuu hupita mikononi mwake. Mama akitokwa na damu nyingi baada ya kujifungua, yeye ndiye anayehakikisha damu anayoongezewa inaendana na yake. Akikosea hapo, mgonjwa anaweza kufa.

Mtaalamu wa mionzi ndiye anayepiga picha za ndani ya mwili: eksirei ya kifua, ya mfupa uliovunjika, na kwenye hospitali kubwa CT scan na MRI. Sisi watu wa Pwani tunajua thamani yake. Barabara ya Morogoro inapita Kibaha, na majeruhi wengi wa ajali hukimbizwa Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Tumbi. Daktari hawezi kuunga mfupa asiouona.

Kwenye matangazo ya ajira utakuta majina Mteknolojia Maabara na Mteknolojia Mionzi. Hizi ni kazi mbili tofauti, zenye masomo tofauti na mabaraza tofauti ya taaluma. Mtoto huchagua moja.

Safari inaanza kidato cha pili

Wazazi wengi hunijia mtoto akiwa ameshamaliza kidato cha nne. Kwa baadhi yao huwa tumechelewa.

Katika utaratibu uliozoeleka kwenye shule zetu nyingi, mwanafunzi akifika kidato cha tatu anaweza kuacha Fizikia na Kemia akabaki na masomo ya sanaa na Baiolojia. Wengi huacha kwa sababu shule haina mwalimu wa Fizikia, au kwa sababu marafiki wameacha. Hakuna anayewaambia kwamba siku hiyo wamefunga mlango wa maabara, wa mionzi na wa kozi nyingine nyingi za afya.

Ili kuingia stashahada ya maabara, mtoto anatakiwa awe na ufaulu wa angalau alama D katika masomo manne yasiyo ya dini, na ndani yake ziwemo Kemia, Baiolojia na Fizikia. Kwa kozi ya mionzi pia masomo ya sayansi ndiyo msingi, na Fizikia ina uzito mkubwa kwa sababu mashine zenyewe ni Fizikia tupu. Hisabati na Kiingereza visidharauliwe: vyuo huvitazama, na masomo ya chuoni hufundishwa kwa Kiingereza. Sifa kamili za kila kozi hutolewa kila mwaka katika kitabu cha mwongozo cha NACTVET, yaani Baraza la Taifa la Elimu ya Ufundi na Mafunzo ya Ufundi Stadi. Usitegemee sifa za mwaka aliosoma mtoto wa jirani.

Basi mama, kama mwanao yuko kidato cha pili leo, nenda shuleni ukaongee na mwalimu wa taaluma kabla masomo hayajachaguliwa. Huhitaji kujua Kemia ili uulize swali moja: "Mwanangu ataendelea na Fizikia na Kemia?"

Na kama ameshamaliza na alipata F ya Fizikia, hajafa moyo wala hajafungiwa milele. Anaweza kujisajili kwa Baraza la Mitihani kama mtahiniwa wa kujitegemea na kurudia somo hilo. Mwaka mmoja wa kurudia mtihani ni nafuu kuliko miaka mitatu kwenye chuo kisichotambulika.

Anasoma miaka mingapi?

Stashahada huchukua miaka mitatu, na kila mwaka ni ngazi yake. Mwaka wa kwanza ni ngazi ya 4, wa pili ni ngazi ya 5 ambayo ni astashahada, na wa tatu ni ngazi ya 6, yaani stashahada. Sehemu kubwa ya masomo ni vitendo hospitalini, kwa hiyo kijana asiyeweza kuamka mapema au asiyevumilia kuona damu ajipime mwenyewe kabla.

Mtoto aliyemaliza kidato cha sita kwa mchepuo wa PCB, yaani Fizikia, Kemia na Baiolojia, na akafaulu vizuri, anaweza kuomba shahada moja kwa moja. Aliyepitia stashahada pia anaweza kujiendeleza baadaye akiwa kazini. Wapo wenzangu waliofanya hivyo.

Hakiki chuo kabla ya kulipa hata shilingi moja

Mama mmoja wa upande wa Kisarawe aliuza korosho zake za msimu mzima akampeleka binti chuo cha binafsi. Chuo kilikuwa na jengo zuri, sare na basi. Binti alisoma mwaka mzima. Ulipofika wakati wa kufuatilia matokeo, ikajulikana kwamba chuo kilikuwa kimesajiliwa kweli, lakini kwa kozi nyingine. Kozi ya maabara kilikuwa hakijapewa ithibati. Binti alianza upya mwaka wa kwanza mahali pengine. Fedha za mama hazikurudi.

Nilipomuuliza kama aliona usajili wa chuo, alinijibu, "Niliuona nesi, ulikuwa ukutani." Hakudanganywa kuhusu chuo. Alidanganywa kuhusu kozi.

Ndiyo maana nasema uhakiki ni wa mambo mawili:

1. Chuo kimesajiliwa na NACTVET? Vyuo vya afya huwa na namba ya usajili inayoanza na REG/HAS. Iombe, kisha itafute kwenye orodha iliyo kwenye tovuti ya NACTVET au kwenye kitabu cha mwongozo.

2. Kozi anayoitaka mwanao imo kwenye orodha ya kozi za chuo hicho? Tafuta jina la chuo, kisha soma kozi zilizoandikwa chini yake. Kama maabara au mionzi haipo, ondoka, hata ukiambiwa kwamba "ithibati iko njiani".

Kama huna simu ya intaneti, mwombe mwalimu wa shule aliyosoma mtoto, mtendaji wa kijiji au hata mhudumu wa afya akusaidie. Ni kazi ya dakika kumi. Usiridhike na kipeperushi, bango la barabarani au dalali anayepita mitaani akisema nafasi zinaisha kesho.

Kuna vyuo vinavyojulikana kwa muda mrefu. Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili, kilichopo Upanga, Dar es Salaam, kinafundisha maabara na mionzi, na kwa sisi wa Kibaha na Kisarawe ndicho kilicho karibu. Mwanza kuna Chuo Kikuu cha Bugando, nacho kina kozi zote mbili. Ushindani ni mkubwa, kwa hiyo mtoto aombe zaidi ya sehemu moja. Vyuo vingine huombwa kupitia mfumo wa pamoja wa NACTVET na vingine moja kwa moja chuoni. Tangazo la mwaka husika ndilo la kufuata.

Hapa Kibaha watu huniuliza kuhusu chuo cha afya kilicho chini ya Shirika la Elimu Kibaha. Shirika hilo lina historia ndefu tangu miaka ya 1960, lakini kanuni ni ileile: fungua mwongozo wa mwaka huu, uone ni kozi zipi zimeorodheshwa.

Gharama zisizoandikwa kwenye bango

Bango huandika ada tu. Kabla hujakubali, omba fomu ya kujiunga na uisome yote pamoja na mwanao. Jumlisha haya:

- ada ya masomo, na kama inalipwa kwa awamu ngapi
- hosteli au chumba cha kupanga, chakula na nauli
- sare, koti jeupe, viatu vya kufunika na vifaa
- bima ya afya
- michango ya mitihani na ya NACTVET
- gharama za mafunzo kwa vitendo, hasa akipangiwa hospitali ya mbali na nyumbani

Zidisha kwa miaka mitatu. Ukiona jumla inakushinda, ni bora ujue leo kuliko mtoto arudishwe nyumbani mwaka wa pili. Lipa benki au kwa namba ya malipo ya chuo, siyo mkononi mwa mtu, na tunza risiti.

Tangu mwaka wa masomo 2023/2024, Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu imeanza kutoa mikopo kwa baadhi ya kozi za stashahada, zikiwemo baadhi za afya. Siyo kozi zote. Soma mwongozo wa mwaka husika uone kama kozi ya mwanao imo, na andaa mapema cheti chake cha kuzaliwa. Usimlipe mtu yeyote anayekuahidi "kukusukumia" faili.

Je, kazi hii itamdhuru mwanangu?

Mionzi ya eksirei ina madhara ikitumika ovyo, ndiyo maana kazi hii inasomewa. Mtaalamu hakai chumba kimoja na mgonjwa wakati wa kupiga picha. Husimama nyuma ya ukuta au kioo chenye madini ya risasi. Akilazimika kuwa karibu huvaa aproni yenye madini hayo. Kifuani huvaa kifaa kidogo kinachopima mionzi aliyoipata, na Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania ndiyo inayosimamia usalama wa mionzi nchini, pamoja na vyumba vyenyewe vya eksirei. Eksirei moja ya kifua humpa mgonjwa mionzi inayokaribia ile ambayo kila mmoja wetu huipata kwa siku kumi hivi kutoka ardhini na angani.

Binti anayefuata kanuni hizi anaolewa na kuzaa kama wengine. Akipata ujauzito, anatakiwa amweleze msimamizi wake mapema ili apangiwe kazi kwa tahadhari zaidi. Nawe mama, ukitakiwa kupiga eksirei na unahisi una mimba, sema kabla ya picha. Ultrasaundi haitumii mionzi ya aina hiyo, usiiogope.

Kwa maabara, hatari ni maambukizi: kujichoma sindano, au damu kumrukia machoni. Mwanafunzi apate chanjo ya homa ya ini aina ya B kabla hajaanza vitendo. Akijichoma, aoshe kwa maji na sabuni na atoe taarifa papo hapo. Dawa za kuzuia virusi vya Ukimwi zinatakiwa zianze mapema iwezekanavyo, na zisipite saa 72. Mfundishe asione aibu kusema. Aliyeficha ndiye aliye hatarini.

Akimaliza

Cheti cha chuo peke yake hakimruhusu kufanya kazi. Kwa sheria za mwaka 2007, mtaalamu wa maabara husajiliwa na baraza la wataalamu wa maabara za afya, na wa mionzi husajiliwa na baraza la wataalamu wa radiolojia. Hapo ndipo chuo kisicho na ithibati humuumbua mtoto: baraza halimsajili.

Ajira za serikali hutangazwa, na huchukua muda kupatikana. Nisikudanganye, wapo vijana wanaokaa nyumbani mwaka mmoja au zaidi. Wengine huanza hospitali za binafsi, za mashirika ya dini au maabara za mijini. Maabara zipo hata kwenye vituo vya afya, hivyo nafasi zake zimesambaa zaidi. Mashine za eksirei ni chache, kwa hiyo mtaalamu wa mionzi awe tayari kuhama.

Kabla hujalipa, jiulize

- Mwanangu ana D au zaidi katika Kemia, Baiolojia na Fizikia?
- Nimeona namba ya chuo kwenye orodha ya NACTVET kwa macho yangu?
- Nimeiona kozi yenyewe chini ya jina la chuo hicho?
- Nimejumlisha gharama zote za miaka mitatu?
- Ameshatembelea maabara au chumba cha eksirei akaona kazi ilivyo?

Hilo la mwisho halina gharama. Mpeleke mwanao hospitali iliyo karibu, umwombe mganga mfawidhi ruhusa ya kuongea na mtaalamu kwa nusu saa. Ukikwama popote, mfuate nesi wa kliniki yako. Swali hili si la kuonea haya, nasi tumezoea kuulizwa.