Makaa ya Gisimenti na Safari ya Mkaratusi

Mgeni afikapo Kigali na kuuliza ni wapi atapata mbuzi wa kuchoma, aghalabu huelekezwa Gisimenti, katika eneo la Remera, si mbali na Uwanja wa Amahoro. Jina la mahali hapo limebeba ndani yake neno simenti, nalo linapasa, kwa kuwa hapo ni mjini hasa: zege, maduka na taa. Mwaka 2021 Jiji la Kigali lilianza kuifunga barabara ya hapo isipite magari siku za mwisho wa juma, watu wapate kutembea na kula nje. Lakini chini ya mishikaki, ndizi na samaki wanaogeuzwa jikoni hadi usiku mkubwa mna kitu kisichotoka mjini hata kidogo. Ni miti ya vilimani, iliyochomwa ikawa makaa.

Neno lenyewe lafaa kutazamwa kwanza, maana ndiyo kazi yetu. Wanyarwanda husema amakara. Majirani wa Goma na Bukavu, katika Kiswahili chao, husema makala. Kiswahili cha pwani kimeidondosha ile sauti ya kati, kama kilivyofanya katika maneno mengi ya Kibantu, kikabaki na makaa. Asili ya yote matatu ni moja, na makala ya gazetini, ambayo tumeyapata kwa Waarabu, hayana udugu nayo. Mwalimu mwenye wanafunzi kutoka pande zote mbili za Ziwa Kivu hana budi kutahadhari: atakayeagizwa kuleta makala kesho asubuhi huenda akauliza ni magunia mangapi.

Siku hizi ikitajwa nishati itokanayo na mimea, fikra za wengi huenda kwenye mafuta ya magari: spiriti ya miwa na mahindi, na dizeli ya mawese au ya mbono. Jambo hilo si geni kama linavyodhaniwa. Katika maonyesho ya Paris ya mwaka 1900 injini ya aina aliyoibuni Rudolf Diesel iliendeshwa kwa mafuta ya karanga. Hata hivyo, katika Afrika ya Mashariki mmea uliogeuzwa kuwa nishati kwa wingi kuliko yote ni mti, na namna ya kuugeuza ni tanuri la udongo. Yeyote atakaye kupima faida na hasara za nishati ya mimea kwa mazingira, na aanze na gunia la makaa, kwa sababu historia yake ni ndefu na matokeo yake yamekwisha kuonekana.

Mti unaohusika sana nchini Rwanda si mwenyeji. Mamisionari Wakatoliki waliweka makao yao ya kwanza huko Save mwaka 1900, na katika miaka michache iliyofuata mkaratusi, mti wa Australia, ukaanza kupandwa kandokando ya misheni. Wanyarwanda waliliviringisha jina lake la kitaalamu likawa inturusu, nasi tukaliviringisha kwa namna yetu likawa mkaratusi. Katika miaka ya 1930 wakoloni Wabelgiji walianzisha bustani ya miti ya Ruhande, huko Butare, ambako aina nyingi za mikaratusi zilijaribiwa. Sababu ya kupendwa kwake ni nyepesi kueleza. Hukua haraka, hunyooka, na ukikatwa haufi. Kisiki huchipua, na baada ya miaka mitano hadi saba machipukizi huwa yamefikia unene wa kukatwa tena. Mkulima akipanda mara moja, huvuna mara kadha wa kadha.

Lakini makaa ya kwanza ya mji wa Kigali hayakutoka kwenye mikaratusi. Kigali, ulioanzishwa na Richard Kandt mwaka 1907, ulikuwa bado kimji kidogo cha watu wapatao 6,000 Rwanda ilipopata uhuru mwaka 1962. Mji mdogo hula kuni za jirani, wala hakuna ashughulikaye. Ulipokua ulihitaji nishati nyepesi ya kusafirisha, na makaa yana sifa hiyo: kilo moja ya makaa hutoa joto karibu mara mbili ya kilo moja ya kuni kavu. Basi wachoma makaa waligeukia Bugesera, upande wa kusini wa mji, na nyika za mashariki, kulikokuwa na miti ya asili. Wakati huohuo walowezi waliotoka kwenye milima iliyosongamana walikuwa wakifyeka Bugesera wapate mashamba. Shoka la mkulima na shoka la mchoma makaa vilifanya kazi bega kwa bega, na si rahisi kusema lipi lilikata zaidi. Ilipofika mwisho wa karne iliyopita sehemu kubwa ya Bugesera ilikuwa imebaki uwanda wazi, ikakumbwa na ukame na njaa iliyowahamisha watu makwao.

Hapo ndipo hasara ya kwanza ya makaa inapoonekana, nayo haikutokana na mti kuchomwa. Ilitokana na mti kuchomwa bila mtu yeyote kuungoja urudi. Mti unapokua huvuta hewa ya ukaa kutoka angani, na unapochomwa huirudisha; hesabu hiyo husawazika iwapo tu mwingine unakua mahali pake. Isitoshe, tanuri la kienyeji ni mlafi. Huhitaji kilo nane hadi kumi za kuni kutoa kilo moja ya makaa, na moshi wake hubeba gesi ya methani, ambayo huongeza joto la dunia kuliko hewa ya ukaa. Katika miaka ya 1980 wachoma makaa wa Rwanda walianza kufundishwa tanuri la namna ya Casamance, lililobuniwa Senegal, lenye bomba la bati la kuongoza moshi. Kwa fundi mwangalifu hilo hupunguza sana kuni zinazopotea. Ila linadai bomba, subira na kuni zilizokauka vizuri, na anayechoma kwa siri usiku hana hata kimoja katika hivyo vitatu.

Baada ya Bugesera kwisha, wengi walitabiri kwamba jangwa litazidi kusogea na Kigali utakosa moto. Utabiri huo haukutimia. Bei ya makaa ilipopanda mjini, wakulima wa milima ya kusini na magharibi, hasa pande za Nyamagabe, Nyaruguru na Karongi, waliona kwamba mti ni zao kama mazao mengine. Walipanda mikaratusi kwenye miteremko mikali na kwenye udongo mchovu usiokubali maharage. Shamba dogo la miti likawa akiba: hukatwa wakati wa karo, ugonjwa au harusi. Makaa ya Kigali yakahama kutoka kwenye msitu wa asili hadi kwenye miti ya kupandwa, na hadi leo sehemu kubwa ya makaa ya nchi hiyo hutoka huko. Serikali nayo ilikuwa na mkono wake, kwa siku za kupanda miti, kwa umuganda na kwa kudai kibali cha kukata. Mwaka 2019 ilitangazwa kwamba miti imefunika asilimia 30.4 ya nchi kavu. Nadhani bei ilipanda miti mingi kuliko hotuba, lakini hilo wataalamu na walibishane.

Ili kuuona uzito wa badiliko hilo, na tuvuke mpaka. Mwaka 1994, baada ya mauaji ya kimbari, mamia ya maelfu ya wakimbizi waliwekwa katika kambi za Goma, pembezoni mwa Hifadhi ya Virunga. Walihitaji kupika, na kuni zilikuwa hifadhini. Kambi zilipofungwa mwaka 1996, zaidi ya kilomita za mraba 100 za msitu zilikuwa zimeguswa, nyingine zimefyekwa kabisa. Wakimbizi walipoondoka biashara haikuondoka. Goma umekuwa mji mkubwa, na makala yake yaliendelea kuchomwa katika miti ya asili ya hifadhi, chini ya watu wenye bunduki waliotoza ushuru wa magunia. Miji miwili, mapishi karibu yaleyale, jiko lilelile la mkaa. Mmoja hula miti iliyopandwa, mwingine msitu usiopandika. Karibu na Nyungwe, kusini magharibi mwa Rwanda, ukanda wa miti ya kupandwa, hasa misonobari, uliwekwa kuuzunguka msitu wa asili ili watu wapate kuni nje yake. Virunga haukujaliwa ukanda uliotosha.

Tukiyakumbuka hayo, tutayatazama kwa jicho jingine mafuta ya mimea yaliyoshangiliwa katika miaka ya 2000. Mmea uliopewa sifa zote wakati huo ni mbono kaburi, ule mti wa ua tunaoukuta makaburini, ambao mbegu zake zina mafuta yasiyolika. Ilisemwa kwamba huota penye ukame, haushindani na chakula, na utatutoa katika utumwa wa mafuta ya petroli. Huko Kisarawe, karibu na Dar es Salaam, kampuni ya Sun Biofuels ya Uingereza ilipata hekta 8,211 kwa miaka 99 katika ardhi ya vijiji 11. Huko Kilwa kampuni ya Kiholanzi, BioShape, ilipewa hekta 34,000 kwa ajili ya mmea huohuo. Miombo, yaani misitu ya asili ya sehemu hizo, ilianza kukatwa ili kupisha mmea wa kuokoa mazingira. BioShape ilifilisika mwaka 2010, na mwaka 2011 shughuli za Kisarawe zikasimama. Mbono kaburi huishi penye ukame, ni kweli, ila kuishi si kuzaa. Ukitaka mbegu nyingi, hudai maji na udongo mzuri kama mahindi. Wanakijiji waliokuwa wakipata kuni na dawa katika msitu huo walibaki bila msitu na bila ajira.

Rwanda nayo haikupitwa na shangwe hiyo. Mwaka 2009 yalitangazwa mapatano na kampuni mbili za kigeni ya kupanda mbono kaburi katika hekta 10,000. Katika nchi ambayo sensa ya 2022 ilihesabu watu wapatao 503 kwa kila kilomita ya mraba, hekta 10,000 si jambo la kutamka kwa wepesi. Dizeli hiyo haikupata kuchukua nafasi ya ile inayoletwa kwa malori. Mwaka 2008 watafiti walikuwa wamekwisha kuonya, katika jarida la Science, kwamba kufyeka msitu ili kupanda mmea wa mafuta huachilia hewa ya ukaa nyingi kiasi kwamba deni lake huchukua miongo mingi, pengine karne, kulipwa. Mchoma makaa wa Bugesera angeweza kuwaambia neno lililo karibu na hilo, lau angeulizwa.

Isidhaniwe kwamba namtetea mkaratusi kwa kila hali. Una kiu. Ukipandwa karibu na chemchemi au bonde la maji huyanywa, na ndiyo maana umekatazwa sehemu hizo. Chini yake hakuoti mengi, wala ndege na wanyama wa msitu wa asili hawapati makao humo. Mlima uliojaa mikaratusi ni wa kijani kwa mbali na mkimya kwa karibu. Tena kila kipande cha mteremko kilichopewa mti kimenyimwa viazi. Naye anayepika, ambaye nyumbani mara nyingi ni mama au binti, huvuta hewa ya sumu ya makaa, hasa nyumba inapofungwa wakati wa mvua. Majiko bora, kama lile Wanyarwanda waliloliita rondereza, yaani bana matumizi, yamepunguza kuni zitumikazo, lakini hayakuondoa kabisa madhara ya hewa hiyo.

Kwa sababu hizo serikali ya Rwanda iliweka lengo la kuwashusha watumiao kuni na makaa kutoka asilimia 83 mwaka 2014 hadi asilimia 42 mwaka 2024, na Kigali, wenye wakazi zaidi ya milioni 1.7 katika sensa ya 2022, ndio uliohimizwa kwanza kuhamia gesi ya mitungi. Sensa hiyohiyo ilikuta nyumba nyingi sana nchini zingali zikipika kwa kuni. Gesi ni safi jikoni, hilo halina ubishi, na mapafu ya wapishi yana haki yake. Lakini haioti. Huchimbwa ardhini ng'ambo, hushushwa katika bandari za Tanzania na Kenya, kisha husafirishwa mamia ya kilomita kwa magari yanayokunywa dizeli. Fedha iliyokuwa ikipanda mlima kwa mwenye miti sasa hushuka baharini. Mpishi wa Gisimenti anayebadili jiko lake anabadili pia mtu anayemlipa, ingawa hao wawili hawajapata kuonana.

Huko Nyamagabe mwenye shamba la miti naye ana hesabu yake. Akikosa mnunuzi wa makaa anaweza kuuza nguzo na mbao, nazo zina bei nzuri kuliko kuni. Ila mwenye kununua nguzo hutaka mti mnyofu uliongojwa miaka mingi, na mwenye kununua makaa alikuwa akichukua hata uliopinda, tena wiki ileile ambayo shule ilikuwa ikifunguliwa.