Droni ya bei ya matatu dhidi ya kombora la mamilioni

Kila habari za Bahari ya Shamu zinapotajwa, watu hapa Mombasa huuliza swali moja: vipi mataifa yenye manowari na rada za kila aina yanasumbuliwa na kikundi kilichoko milimani Yemen? Jibu kubwa liko kwenye bei, na ndiyo sababu leo nimeona nieleze droni za vita ni kitu gani, zinafanyaje kazi na zinazuiwa vipi. Mimi si mwanajeshi. Nina diploma ya elektroniki na miaka mingi nimeshinda nikichokonoa redio na seti za TV za watu, kwa hivyo nitaeleza kama fundi.

Kwanza, si jambo jipya kama wengi wanavyodhani. Mwaka 1982 Israel ilirusha ndege ndogo zisizo na rubani juu ya bonde la Bekaa, Lebanon, ili kuzihadaa rada za Syria ziwashwe na kujianika. Mwezi Novemba 2002 Wamarekani walitumia droni aina ya Predator kulipua gari Marib, Yemen. Lakini zama hizo droni ilikuwa mali ya matajiri. Ilikuwa ndege kamili, ina setilaiti nyuma yake na watu wengi wa kuiendesha.

Mambo yalibadilika zilipokuja za bei nafuu. Uturuki ilitengeneza Bayraktar TB2, ambayo mwaka 2020 iliisaidia sana Azerbaijan katika vita vya Nagorno-Karabakh. Kisha ikaja Shahed-136 ya Iran, na hii ndiyo nataka msomaji aielewe vizuri. Ina umbo la pembetatu, urefu wa kama mita 3.5, inasukumwa na injini ndogo ya petroli yenye panga nyuma, na mwendo wake ni kama kilomita 185 kwa saa. Hairudi. Imepangiwa mahali pa kwenda na huko hujilipua, ikiwa na baruti ya kati ya kilo 40 na 50. Watu wa Ukraine huiita pikipiki kwa sababu ya mlio wake, na ukisikia video zake usiku utadhani bodaboda inapanda mlima. Makadirio mengi ya bei yake ni kati ya dola 20,000 na 50,000. Kwa pesa zetu hapo unanunua matatu moja au mbili.

Sasa tazama upande wa pili. Kombora moja la mfumo wa Patriot linagharimu takriban dola milioni 4. Tarehe 19 Oktoba 2023, manowari ya Marekani USS Carney iliangusha droni 15 na makombora 4 yaliyorushwa kutoka Yemen. Ilifaulu, ndiyo. Lakini kombora la SM-2 ambalo manowari kama hizo hutumia ni la takriban dola milioni 2, na manowari haibebi makombora yasiyokwisha. Anayerusha anaweza kukosa mara tisa akafurahi. Anayejilinda akikosa mara moja, watu wanakufa.

Ndogo zaidi ni zile ziitwazo FPV. Hizi ni kama za kupigia picha za harusi, ila rubani amevaa miwani inayomwonyesha kile kamera inachokiona, na chini imefungwa kilipuzi. Bei ni mamia machache ya dola. Huko Ukraine zinafukuza gari, zinaingia mlangoni, zinamfuata askari mmoja hadi kwenye handaki.

Zinazuiwaje? Kazi ya kwanza ni kuiona. Rada za zamani zilitengenezwa kutafuta ndege kubwa zenye kasi. Kitu kidogo kinachoruka chini na polepole hufanana na ndege mnyama. Waukraine wakapata njia ya kifundi kweli kweli: wametundika maelfu ya maikrofoni juu ya nguzo nchi nzima, zinasikiliza ule mlio wa pikipiki na kutuma habari, kisha askari wenye bunduki juu ya magari wanajua wasubiri wapi. Mizinga ya zamani ya Ujerumani aina ya Gepard, ambayo ilikuwa imeshastaafishwa, imerudi kazini na inafanya vizuri kwa sababu risasi zake ni rahisi kuliko kombora.

Njia ya pili ni kuvuruga mawimbi. Droni nyingi zinategemea mawimbi ya redio kuzungumza na rubani, na GPS kujua ziko wapi. Ukitoa kelele kubwa kwenye masafa yale yale, rubani anabaki na skrini ya chenga, kama TV zetu za zamani mvua ikinyesha. Unaweza pia kuidanganya kwa kuipa GPS ya uongo, ikadhani iko kwingine.

Hapo ndipo fundi ndani yangu anapovua kofia, maana jawabu lililokuja ni rahisi ajabu. Tangu 2024 Warusi, na baadaye Waukraine, wameanza kurusha droni zinazovuta uzi wa faiba, ule ule unaoleta intaneti majumbani. Droni inaachia uzi nyuma kama mvuvi anavyoachia mshipi, kilomita 10 hata 20, na amri zinapita ndani ya uzi. Hakuna wimbi la kuvuruga. Mashine zote za kuvuruga zinakuwa mapambo.

Na dhidi ya hiyo, kimesaidia nini? Nyavu. Ndiyo, nyavu za kuvulia samaki. Barabara za mji wa Kherson na kwingineko zimefunikwa kwa nyavu juu ya nguzo, nyingine zikiwa ni nyavu kuukuu zilizotolewa na wavuvi wa Denmark, Sweden na Ufaransa. Panga za droni zikinasa kwenye jarife, hesabu imekwisha. Nchi nyingine zinajaribu miale ya leza. Uingereza ilijaribu yake iitwayo DragonFire na mwezi Januari 2024 ikasema kila pigo linagharimu takriban pauni 10. Leza husumbuliwa na ukungu na vumbi, lakini kwa bei hiyo watu hawataiacha. Ukraine nayo inatengeneza droni za kuwinda droni.

Husemwa kwamba silaha hizi ni sahihi, hazikosei. Mimi neno hilo silikubali. Kupiga pale ulipokusudia si sawa na kumpiga anayestahili. Machi 2024, jirani zetu Somalia, Amnesty International iliripoti kuwa raia 23 waliuawa, 14 kati yao watoto, katika mashambulizi ya droni za Kituruki kwenye shamba huko Lower Shabelle. Na tarehe 19 Septemba 2025, El Fasher, Sudan, droni ilipiga msikiti wakati wa swala ya alfajiri na zaidi ya watu 70 wakafariki. Waliolaumiwa ni wapiganaji wa RSF. Innalillahi wa inna ilayhi rajiun. Waliokuwa wamesujudu walilengwa kwa usahihi gani?

Sudan inatuhusu kwa jambo jingine pia. Mwezi Mei 2025 Port Sudan, mji wa bandari ambao kwa miaka miwili ulikuwa kimbilio la waliokimbia vita Khartoum, ulishambuliwa kwa droni siku kadhaa mfululizo. Uwanja wa ndege, matangi ya mafuta na bandari vilipigwa. Umbali haukuwa kinga tena. Yeyote anayeishi karibu na matangi ya mafuta ya Kilindini na aisome habari hiyo mara mbili.

Baharini kuna droni za majini vile vile, yaani boti isiyo na mtu iliyojaa baruti. Meli ya Tutor iligongwa na moja mwezi Juni 2024, baharia mmoja akafa na meli ikazama. Mwezi Julai 2025 Magic Seas na Eternity C zilizamishwa katika wiki moja.

Kwa vijana wetu wanaotafuta kazi za meli, jueni hili. Mwaka 2024 baraza la IBF, ambalo ni la vyama vya mabaharia na waajiri, lilitangaza sehemu ya kusini ya Bahari ya Shamu na Ghuba ya Aden kuwa eneo la vita. Katika eneo la namna hiyo baharia ana haki ya kukataa kupita na kurudishwa kwao kwa gharama ya kampuni, akipita analipwa nyongeza sawa na mshahara wake wa msingi kwa siku hizo, na fidia ya kifo au ulemavu huongezwa mara mbili. Orodha ya maeneo hubadilika, na haki hizi ni za meli zilizo chini ya mikataba ya IBF pekee. Kabla ya kutia saini, muulize wakala meli iko chini ya mkataba gani na itapita njia gani, na umwombe akuonyeshe kwa maandishi.